Mashuti ya Nyumbani

Studená Huta, 9 Novemba 1996

Mpwa wangu Jolana,

Marahaba ya shikamoo uliyoniandikia kwenye kadi. Otília naye anakusalimu. Nilipomuuliza nikuandikie nini kutoka kwake alisema, "Mwambie nipo." Basi nakuambia: yupo.

Mama yako alikuja kutoka Zvolen Siku ya Marehemu, tukawasha mishumaa makaburini pamoja. Upepo ulikuwa unaizima kila tukiiwasha, na dada yangu, unavyomjua, akaanza kuugombeza upepo kama mbwa wa jirani. Shada lako lilifika salama, tuliliweka upande wa kichwa. Usijilaumu tena kwa kutofika kumzika binamu yako Blažej. Finland si mtaa wa pili. Jamu ya plamu mwaka huu tumepika kidogo, kwa sababu mlaji wake hayupo.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka mwezi wa tano klabu yetu ya hoki ya barafuni ilimwacha Blažej, ikambakiza yule kipa wa kukodi, Kmeť. Ndiyo maana mwanangu akaenda kudakia timu ya ng'ambo ya mpaka, Poland, na ndiyo maana alikuwa barabarani Jumapili ile ya mvua, akija kula nasi. Hayo sitakuandikia upya.

Washabiki wanataka jezi yake, namba thelathini, itundikwe darini uwanjani kwa heshima yake msimu ujao ukifunguliwa. Kamati itaamua mwezi wa tano. Nilikwenda kumwona mwenyekiti, bwana Šimurka. Si mtu mbaya. Alinimiminia kahawa, akafunga mlango, akasema:

"Vendelín, na mimi nilimpenda. Lakini darini hupandishwa mtu kwa alichofanya barafuni. Karatasi zinasema katika mashuti mia alikuwa anaokoa themanini na tisa. Kmeť, tisini na nusu. Karibu makipa wote wa ligi walimpita."

"Na karatasi zinajua kila kitu?"

"Hazijui. Lakini ndizo nilizonazo. Niletee nyingine."

Ndipo nikakukumbuka wewe unayefundisha takwimu chuo kikuu. Nataka uuchambue msimu ule wote, ule wa mwisho aliotudakia, uniambie mwanangu alikuwa kipa wa namna gani. Sitaki asifiwe bure. Nataka tu jina lake lisikae chini ya pale alipokuwa.

Mimi bado nipo kwenye meza ya waamuzi, kile kiti cha pembeni karibu na kioo, nahesabu mashuti. Ni kazi ya kujitolea, kila klabu katika ligi huweka mtu wake. Blažej alipopandishwa timu kubwa, Fero, mtunza vifaa, alinitania mbele ya watu wote: "Sasa Vendelín atamhesabia mwanawe hata upepo!" Walicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilijiapiza kwamba hakuna atakayepata sababu ya kulisema neno hilo bila kucheka.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani baada ya mechi, mle kwenye gari letu la Škoda, alikuwa akiniuliza, "Baba, leo yalikuwa mangapi?" Nikimwambia ishirini, anajishika mbavu: "Ishirini tu? Mbona mbavu zangu zimehesabu thelathini?" Tulikuwa tukicheka mpaka kona ya kanisa. Sijui kwa nini nimeikumbuka kona ile.

Mjomba wako,
Vendelín


Tampere, 1 Desemba 1996

Mjomba, shikamoo, na shikamoo kwa mkaza mjomba Otília. Nimefurahi kusikia kwamba yupo.

Mimi ni mzima. Theluji imefika magotini, na jua linaaga mchana nikiwa bado darasani. Nimehamia kwa mjane mmoja anayepika samaki kila Alhamisi na kunisimamia mpaka nimalize. Hazungumzi sana. Nadhani angepatana na mkaza mjomba.

Nitafanya ulivyoniomba. Lakini nahitaji karatasi za mechi zote za ligi, za klabu zote, si zetu peke yake. Kipa hapimwi akiwa peke yake, kama vile huwezi kusema mtu ni mrefu kabla hujaona wenzake. Tena nikuambie mapema, mjomba: nikishaanza, sina uwezo wa kuchagua jibu. Huenda namba zikasema bwana Šimurka hakukosea. Ukiona ni bora tuache, tuache sasa, sitakuuliza kwa nini.

Jumamosi nilikwenda kutazama timu ndogo ya hapa. Nilikuangalizia wenzako wa mezani. Wapo wawili, bibi mmoja mwalimu mstaafu na fundi bomba, na wanakalishwa pande mbili tofauti za uwanja wasionane. Kila kipindi kikiisha wanalinganisha hesabu zao. Hazilingani hata siku moja. Wanagombana kwa adabu kabisa, huku wanakunywa kahawa.

Blažej angewapenda. Angewauliza wote wawili, kisha awaambie mbavu zake zimehesabu zaidi.

Jolana


Studená Huta, 12 Januari 1997

Mpwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Bahasha hii nzito ndiyo msimu mzima. Posta waliniuliza kama natuma matofali.

Krismasi imepita. Mkesha, Otília aliweka sahani moja ya ziada kama kila mwaka, ile ya mgeni asiyetarajiwa. Mwaka huu hakuna aliyeweza kuitazama. Nilimpaka mama yako asali kwenye paji la uso, kama ilivyo desturi, naye akanipaka mimi, na Otília akajipaka mwenyewe. Supu ya kabichi ilikuwa nzuri. Samaki tulinunua aliyekwisha kukatwa. Zamani tulikuwa tukimweka samaki wa mkesha, karpi, bafuni akiwa hai, na mwaka ule Blažej ana miaka sita alijifungia humo pamoja naye, akakataa kutoka mpaka nimwapie kupitia tundu la ufunguo kwamba hatutamchinja. Tukambeba ndani ya ndoo tukamrudisha mtoni. Tukala viazi, na Otília akasema hajawahi kula Krismasi tamu kama ile.

Karatasi nilizipata kwa Fero, ambaye ndiye anayetunza za ligi. Alizitoa kabatini huku anahema.

"Za klabu zote? Unataka kuwashia jiko mpaka Pasaka?"

"Ni za Jolana."

"Yupi? Yule wa dada yako Hermína, aliyenisahihisha bei ya bia akiwa na miaka tisa?"

"Huyo huyo."

"Basi chukua. Ila mwambie asinisahihishe tena, bado namkumbuka."

Kuhusu lile la kuchagua jibu, usiogope. Mimi ni mtu wa meza. Kinachoandikwa ndicho kilichotokea.

Mjomba wako,
Vendelín


Tampere, 16 Februari 1997

Mjomba, shikamoo.

Mjane wangu ameanguka kwenye barafu ya mlangoni akateguka mkono, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayepika samaki na yeye ndiye anayeniambia nimekosea. Mengine ni salama.

Nina habari njema, nayo naiandika kwanza. Nimezigawa mechi za Blažej mafungu mawili, za nyumbani na za ugenini. Ugenini aliokoa tisini na moja na zaidi katika mia. Katika ligi nzima ni kipa mmoja tu aliyemzidi ugenini. Msomee mkaza mjomba sentensi hiyo, tafadhali. Ni ya kweli, nimeikagua kwa njia tatu.

Nyumbani ni chini, na ni chini sana, na ndiko kulikomshusha. Hilo linanishangaza kidogo, maana makipa wengi hudaka vizuri zaidi nyumbani. Bado naangalia.

Nina maswali machache, ni ya kawaida tu, usiyafikirie sana. Ukiwa kitini pako unayaona malango yote mawili sawasawa? Msimu ule kulikuwa na mtu mwingine aliyekusaidia kuhesabu, au aliyekushikia nafasi ulipougua?

Jolana


Studená Huta, 8 Machi 1997

Mpwa wangu Jolana,

Mungu akubariki kwa sentensi ile. Nilimsomea Otília alipokuwa anapiga pasi. Shati alilokuwa amelimaliza alilirudisha kwenye meza akalipiga tena kuanzia kola. Nikamsomea mara ya pili.

Theluji inayeyuka huku. Paa la banda linavuja palepale Blažej alipoahidi kuziba. Sijapaziba. Nimeweka ndoo.

Nakujibu. Malango yote nayaona vizuri, kiti kiko katikati. Mtu wa kunisaidia hakuwapo, wala sikukosa mechi hata moja. Siku tuliyocheza na timu ya bondeni nilikuwa na homa, Otília akanificha viatu, nikaenda na vya bustani.

Kama unataka kujua ninavyohesabu, ni hivi. Shuti ni kile kisahani cheusi ambacho, kipa asingekuwepo, kingeingia golini. Kikigonga mwamba, si shuti. Kikiwa kinapita pembeni naye akakigusa kwa ujanja wake, si shuti. Mara nyingi huwezi kujua, kwa kuwa kinakwenda kasi na amekwisha kukizuia. Penye shaka, kipa mwingine yeyote humpa. Kwa Blažej nilijibana. Mwenye mwana golini lazima awe na jicho kavu. Siku moja Fero mwenyewe aliinama juu ya karatasi yangu akasema, "Vendelín, wewe hata mwanao humpi kitu, wewe ni mtu wa haki." Nilirudi nyumbani kama niliyevikwa nishani.

Najua mtu hukosa moja mawili. Lakini wewe mwenyewe, ulipokuwa mwanafunzi, ulinieleza mezani kwetu kwamba makosa madogo yakiwa mengi hufutana. Sijalisahau somo lile.

Mkutano wa kamati ni tarehe kumi mwezi wa tano. Naona katika barua yako kuna kitu unakizunguka. Ukiwa na neno juu ya mechi za nyumbani, liseme. Kama mwanangu alikuwa anaogopa kucheza mbele ya watu wa kwao, nitalikubali. Mimi si yai.

Mjomba wako,
Vendelín


Tampere, 20 Aprili 1997

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa, na si kwa sababu ya kazi. Barua hii ni ya tatu, mbili nimezichana. Mama ameniambia kwa simu kwamba mmepanda viazi na mgongo unakusumbua. Mjane wangu amepona mkono na amenirudisha kwenye kuosha vyombo. Hizo ndizo habari, sina nyingine za kunichelewesha.

Blažej hakuogopa watu wa kwao.

Nyumbani na ugenini alifungwa mabao karibu sawasawa, kama matatu kwa mechi. Lakini ugenini karatasi zinaonyesha mashuti thelathini na tatu kila mechi, na nyumbani ishirini. Nilijiambia huenda walinzi wetu walicheza vizuri zaidi kwao. Basi nikatazama mechi za nyumbani alizodaka Kmeť, mbele ya walinzi walewale. Mashuti ni thelathini na moja.

Iko mechi moja ya mwezi wa kwanza, Blažej aliumia goti kipindi cha pili kilipoisha. Kipindi cha kwanza mashuti sita, cha pili saba. Kmeť akaingia, na cha tatu yakawa kumi na tano. Wapinzani walewale, barafu ileile. Mechi moja haithibitishi kitu, hilo nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Lakini msimu wote unasema hivyohivyo.

Mabao huandikwa na mwamuzi, hakuna awezaye kuyapunguza. Kwa hiyo mashuti yakipungua kwenye karatasi, yanayopotea ni yale tu aliyookoa.

Mjomba, hukumwibia. Ulimnyima shaka ambayo kila kipa mwingine ulimpa, ukamnyima kila mechi, kwa moyo safi. Na lile somo la mezani kwenu nilikupa nusu, nikiwa na miaka ishirini na mdomo umejaa keki ya mkaza mjomba. Makosa hufutana yanapoangukia huku na huku. Yakiangukia upande mmoja hayafutani, yanarundikana.

Nikiyahesabu mashuti ya nyumbani kama yalivyohesabiwa kwa Kmeť, Blažej anaokoa tisini na moja katika mia. Yaani juu kidogo ya Kmeť. Kidogo tu. Siwezi kukuambia kwamba klabu ingembakiza yeye. Siwezi kukuambia lolote kuhusu barabara ile na mvua ile, na mtu yeyote akikuambia hesabu inaweza, anakudanganya.

Nimeweka karatasi mbili ndani ya bahasha hii. Moja inasema tu kwamba hesabu ya uwanja wetu msimu ule ilikuwa ya chini, na hivi ndivyo inavyosahihishwa. Haimtaji mtu. Nyingine inaeleza yote. Zote mbili zina jibu lilelile mwishoni, na zote ni za kweli. Mpelekee bwana Šimurka utakayotaka.

Naomba jambo moja. Usiisome barua hii peke yako. Kama umekwisha kuisoma, msomee mkaza mjomba.

Jolana


Tampere, 22 Juni 1997

Mjomba, shikamoo.

Mkutano umepita na sijui kilichotokea. Mama anasema mpo, unakata nyasi, na ukisikia jina langu unakwenda kutazama nyuki. Huku usiku hauingii giza, na mjane wangu ameshona mapazia meusi ili apate usingizi.

Sikuombi jibu. Ukiweza, nitumie kadi tupu, nione tu mwandiko wako kwenye anwani.

Jolana


Studená Huta, 21 Septemba 1997

Mpwa wangu Jolana,

Marahaba. Kadi tupu niliinunua, nikaandika anwani, nikaiweka dirishani ili niipeleke posta kesho yake. Imekaa pale mpaka jua limeigeuza njano. Nimeiambatanisha, ni yako.

Sisi wazima. Mama yako amenunua kofia ambayo hapana budi uione. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanaegemea uzio, na Otília ameniagiza mitungi zaidi ya jamu. Paa la banda nimeliziba.

Barua yako ya mwezi wa nne niliisoma peke yangu kwanza, nisamehe. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Kisha nikaingia jikoni. Otília alikuwa anamenya viazi. Nikamsomea yote, na mezani palikuwa na sauti ya kisu tu. Nilipofika kwenye yale mashuti sita, saba na kumi na tano, akaacha kumenya.

"Alijua," akasema.

"Nani?"

"Mwanao, nani tena. Unadhani kipa hajui mangapi yamempiga?"

"Na wewe ulijua?"

"Aliniambia siku nilipomkanda bega. Nilitaka kukuita palepale. Akanishika mkono: 'Mama, mwache. Baba anaogopa watu watasema ananipendelea. Hicho kiti ndicho alichonacho. Mimi nitadaka zaidi.'"

Nikamuuliza kwa nini hakunipa habari hata baada ya klabu kumwacha. Akasema, "Ningekuambia ili iweje? Alikuwa amekwisha kufunga mizigo." Na baada ya mazishi, akasema, hakuona mahali pa kuliweka neno lile ndani ya nyumba hii. Kisha akamalizia viazi vyake, nami nikavikata.

Sasa naijua kona ya kanisa. Alikuwa akiniuliza mangapi, nikimjibu, naye akinipa nafasi ya kufikiri kwa mzaha wa mbavu. Alikuwa ananipa nafasi kila mechi, na mimi nilikuwa nacheka. Tulipofika kwenye kona ile alikuwa akianza kuzungumza mambo mengine.

Mkutanoni nilikwenda. Ile karatasi isiyonitaja niliiwashia jiko asubuhi yake, ili nisiwe nayo mfukoni. Nilimpa bwana Šimurka ile nyingine. Alivaa miwani, akaisoma mpaka mwisho mbele ya kamati, polepole, kwa sauti.

"Kwa hiyo alikuwa sawa na Kmeť," akasema.

"Alimzidi kidogo."

"Na hesabu hii kaifanya nani?"

"Jolana. Mpwa wangu."

Fero akainama akatazama viatu vyake. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Vendelín, mimi nakuamini, naapa kwa watoto wangu. Lakini nifikirie na mimi. Baba ndiye aliyehesabu. Halafu binamu akasahihisha. Nikiipandisha jezi kwa karatasi hii, watu watasema familia imejihesabia yenyewe."

Miaka yote ile nililikimbia neno hilo, Jolana. Nililikimbia mpaka nikamkanyaga mwanangu. Nalo lilikuwa limetangulia kufika, limeketi mezani linanisubiri.

Sikubishana. Nilisema tu kwamba kiti nakiacha, na kwamba nina ombi: msimu ujao wahesabu watu wawili, wakae mbalimbali wasionane, kama kwenu Tampere. Wakapiga kura, mikono yote ikainuka. Kuhusu jezi mikono haikutosha. Fero aliinua wake, nikuambie hilo.

Mwezi wa nane alikuja nyumbani, akiwa ameibeba jezi ndani ya mfuko wa sokoni. Hakutaka kuingia. "Kule darini kungekuwa na vumbi tu," akasema, akaitoa akanipa. "Vendelín, ule utani wangu wa upepo..." Nikamwambia ulikuwa utani mzuri. Nikamjazia mfuko plamu.

Ijumaa msimu ulifunguliwa. Sikuwa na nia ya kwenda. Nilikuwa nimevaa kandambili, nimewasha redio, Otília akatoka chumbani amevaa koti na amefunga kitambaa kichwani. Tangu tumzike mwanetu hakuwahi kuingia pale. "Vaa viatu," akasema, "vya kweli, si vya bustani."

Tuliketi na wastaafu, safu ya juu, ambako kuna baridi na watu wanamtukana mwamuzi kwa majina ya wanyama. Ile jezi Otília alikuwa ameileta kwenye mkoba. Aliikunjua akajifunika magotini kama blanketi, na hakuna aliyemuuliza. Pale mezani nilimwona binti wa mwalimu wa muziki kwenye kiti changu, na upande wa pili muuza magazeti, kila mmoja na penseli yake. Kipindi cha kwanza kilipoisha walikuwa wamepishana kwa mashuti manne, wakakutana mezani wakaanza kuoneshana kwa mikono. Nilitamani uwaone.

Mimi sikuwa na penseli. Lakini katika kipindi cha pili niligundua kwamba kidole changu kinagonga goti. Kilikuwa kinahesabu chenyewe. Nilikuwa karibu kukizuia, na hapohapo mmoja wa wageni akapiga kutoka mbali, pigo legevu, la pembeni, labda lilikuwa linatoka nje, labda halikuwa. Kipa wetu mpya akajitupa likampiga kifuani. Watu hata hawakupiga makofi.

Otília akanigeukia.

"Hilo lilikuwa linaingia?"

"Sijui," nikasema.

"Umelihesabu?"

"Nimelihesabu."

Akaivuta jezi kidogo, akanifunika na mimi goti moja.

Mjomba wako,
Vendelín